Presha Iliyokurudisha kutoka Namanga

Mwanangu Aikande,

Salamu tulishapeana asubuhi ulipokuwa unatoka kwenda mjini kuaga wenzako, nami nikakuitikia marahaba kama siku zote, kwa hiyo sizirudii. Sasa ni saa kumi jioni. Nimekaa jikoni, mlango nimeutia komeo, nimechana karatasi katikati ya daftari lako la zamani la jiografia. Mwandiko wangu utaucheka. Cheka. Mimi niliishia darasa la nne, na tangu hapo nilichoandika kwa wingi ni majina ya wagonjwa wa kuombewa kanisani.

Sitakuandikia habari za soksi wala za kula vizuri. Umepika mlimani miaka sita, umewakandia watu unga kwenye baridi ya kugandisha maji ndani ya ndoo, wewe ndiwe wa kunifundisha mimi soksi. Nakuandikia jambo moja ambalo limenishinda kulitamka kwa miaka miwili. Leo limenilazimu, kwa sababu baba yako mdogo Eliufoo ametoka hapa si muda, na ameondoka na maneno mabaya.

Acha nilitaje kabla mkono haujachoka. Ile presha iliyokurudisha kutoka Namanga haikuwapo. Sikuanguka shambani. Sikuzimia. Nilidanganya.

Hapo nimeinuka nikaenda kukoroga sufuria, nikarudi nikasoma nilichoandika. Bado kipo. Basi na kikae, nami niendelee. Usiikunje barua bado.

Unakumbuka zile filamu zako za boti kwenye barafu, zile unazoziita dokumentari? Ulianza kuniletea mwaka ule ulipoacha kupika ukaanza kuwabebea vifaa wale wapiga picha wa mlimani, nao wakakufundisha kamera. Ulikuwa unazishusha kwa intaneti ya pale Makumira, ukifika nyumbani unaegemeza simu kwenye kopo la sukari, mimi namenya ndizi, wewe unanitafsiria. Ya kwanza ilikuwa ya yule mzee mwenye ndevu zenye barafu.

"Huyu yuko peke yake baharini, mama. Mwezi wa tatu huu hajaona nchi kavu."

"Peke yake?"

"Peke yake kabisa."

"Na anayempiga picha ni nani? Malaika?"

Ulicheka mpaka ukapaliwa. Ukaniambia kamera ameifunga kwenye mlingoti. Nikakwambia basi hayuko peke yake, anajua tutamwona, ndiyo maana kachana ndevu.

Nilikuwa najifanya nakudhihaki, lakini moyoni nilianza kuzingojea. Niliijua ile bahari kabla sijaijua bahari yoyote, maana mimi hata Tanga sijafika. Siku ile ya yule dada aliyekuwa anagonga kamba kwa nyundo ya mti, upepo unampiga, kamba zote zimevimba barafu, nilikuuliza kwa nini asiingie ndani akaota moto. Ukaniambia barafu ikizidi huko juu boti inakuwa nzito kichwani, inapinduka. Hapo nikaelewa. Ni kama mgomba wenye mkungu mkubwa ambao haukuegemezwa mti. Unauona umesimama vizuri, usiku mmoja wa upepo unaukuta chini. Nikakwambia, huyo dada namkubali, anafanya kazi ya shamba. Ukanitazama kwa namna fulani. Nadhani ndiyo siku uliyoamua.

Na kuna jambo nilikusumbua nalo sana. Nilikuuliza, hawa watu wanakula nini, na kapika nani? Mbona hawamwonyeshi? Ukasema haiwavutii watazamaji. Na sisi tuliobaki nyumbani je? Mwanzo wa filamu ndugu wanapunga mikono bandarini, mwisho wa filamu ndugu wanalia bandarini, katikati hatupo, kana kwamba tulizimwa kama taa. Basi kamera sasa ni yako. Mwonyeshe anayepika. Wewe umekuwa mpishi wa kambi, unajua kwamba mkubwa wa msafara akikasirika watu wanaendelea kutembea, mpishi akikasirika wanarudi.

Lakini nimetoroka. Nilikuwa nasema habari ya uongo.

Ili uuelewe lazima nikuambie la baba yako, na hili nalo hujalisikia. Unalijua kama wanavyolijua wote, kwamba baridi ya mlimani ilimchukua ukiwa darasa la tatu. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wanaukoo, hivyo ndivyo mchungaji alivyosema kaburini. Nikaliacha likae hivyo, kwa sababu baridi haina ndugu wa kuja kuitetea.

Kabla ya ile safari ya mwisho kulikuwa na safari nyingine. Baba yako alipanda na wageni, siku ya pili kichwa kikamuuma, akatapika, mkubwa wa msafara akamshusha. Alikuja hapa mchana, mzigo mgongoni, macho mekundu. Mimi nilikuwa uani na wanawake watano tunachambua kahawa. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Karibu bwana harusi! Mlima umekukataa?" Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mpeni shuka na bibi wa kumbembeleza." Baba yako naye akacheka. Akaweka mzigo chini, akaomba maji ya kunywa, akacheka tena.

Baada ya wiki mbili akapanda tena. Rafiki yake aliyelala naye hema moja ndiye aliyekuja kuniambia, siku ya arobaini, watu wakiwa wameshatawanyika. Kichwa kilianza kumuuma kambi ya kwanza. Kambi ya pili akawa anakosea njia ya kwenda chooni. Rafiki akamwambia, twende tukamwambie mkubwa. Baba yako akasema, "Nyamaza wewe. Nikirudi tena Mama Aikande atanicheka."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kuhusu mimi. Hakuna mengine niliyoletewa.

Unajua wapagazi wanaitana wagumu. Mgumu, mambo vipi mgumu. Mimi nalichukia lile jina. Baba yako alikuwa mtu laini, alikuwa anambeba kuku aliyevunjika mguu kama anabeba mtoto mchanga, na tulimfanya mgumu mpaka akafa. Ulimi wangu ulikuwemo. Sisemi ili unionee huruma. Nilishajionea huruma ya kutosha, na huruma hiyo ndiyo iliyonifanya nikukosee wewe.

Kwa sababu uliponiambia mwaka juzi kwamba umepata nafasi kwenye boti ya bahari ya kaskazini, ukashike kamera, sikuona bahari. Niliona baba yako anaomba maji ya kunywa. Nilikubali kwa mdomo. Nilikufungia nyama ya kitimoto kwenye jani, nikakusindikiza mpaka barabarani, nikapunga mkono kama wale wa kwenye filamu. Halafu nikarudi ndani, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitaweza.

Wazo lilikuwa langu. Watu watakuambia ni Eliufoo, hapana, yeye nilimwita tu. Nikamwambia, "Shemeji, mpigie simu mtoto. Mwambie nimeanguka, presha, nipo hoi." Akaniuliza kwa nini nisipige mwenyewe. Nikamwambia sauti yangu itanisaliti. Alipokuwa anapiga nilikaa hapahapa kwenye kiti hiki, nikala ndizi mbili. Yaani nilikuwa na njaa! Mtu mwenye presha!

Ulishavuka kwa muhuri. Uliniambia baadaye kwamba pasipoti ilikuwa imegongwa upande wetu, umebakiza hatua chache kwenda dirisha la Kenya, simu ikaita. Ukageuka. Mimi nikakimbilia zahanati ili unikute kitandani. Nesi akanipima, akanipima tena, akasema, "Mama, hii presha ni ya binti wa sekondari." Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Dada, niandikie tu ipo juu." Akautoa mkono wangu. "Siandiki uongo, mama yangu. Lakini kulala sikukatazi."

Nikalala siku tatu. Ulifika na vumbi la Namanga kichwani, hukuuliza boti wala nini, ukaleta beseni ukaninawisha miguu. Ulininawisha kidole kimoja kimoja. Miguu mizima, mwanangu, miguu iliyokuwa imetoka kukimbia. Nikafumba macho ukadhani ni maumivu.

Boti ikaondoka. Na wewe hukulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililoniua. Ulifunga kamera kwenye khanga ukaisukuma chini ya kitanda. Ukawa unakwenda Tengeru siku za soko kuuza parachichi. Mtu akikuuliza, mbona hukwenda, unajibu, "Mama kwanza." Walikusifu sana. Kanisani walikutolea mfano. Mimi nimekaa benchi la mbele, nimefunga kitambaa changu cheupe, nasikiliza mtoto wangu anavyosifiwa kwa uongo wangu.

Halafu ikatoka filamu ya ile safari, boti ileile, kaipiga mtu mwingine. Hukuniambia. Nilikufuma kihambani, kwenye migomba yetu, nimekwenda kukata majani ya ng'ombe. Umekaa kwenye shina la mgomba uliolala, simu mkononi, sauti umeizima kabisa ili isinifikie nyumbani. Ulikuwa unaficha bahari kama mtu anayeficha pombe. Na mkono wako mmoja ulikuwa unasogea taratibu, kushoto, juu kidogo, unatulia. Nilidhani unafukuza nzi. Ndipo nikaelewa. Ulikuwa unaonyesha kamera mahali ambapo ingepaswa kusimama.

Nilirudi kinyumenyume, mundu mkononi, ng'ombe hakula siku ile mpaka jioni. Nilikuwa nimeogopa bahari isikuue. Nikaona kuna mauaji mengine, hayana baridi wala msiba, na muuaji anapewa heshima.

Kwa hiyo mwaka huu yule mama nahodha alipokupigia kukuita safari nyingine, yule mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za askari, nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza. Kiingereza sijui, lakini neno "mama" ni lilelile, na nilisikia unavyolitaja kwa upole kama mtu anayefunga dirisha. Nikajua unakataa. Nikatoka na mikono yenye unga. "Mwambie nimepona."

"Mama, subiri kwanza, naongea."

"Mwambie nimepona! Na mimi nataka kumwona uso."

Ukageuza simu. Nakumbuka nilimwuliza boti yake ikipinduka inakuwaje. Akajibu maneno mengi, wewe ukanipa matatu, "Inarudi yenyewe, mama." Nikakwambia acha kuchuja, huyu kaongea sana, tafsiri yote. Ukavuta pumzi ukatafsiri. Kwamba boti ina uzito wa chuma tumboni, ikilala inainuka. Kwamba watu wamejifunga mkanda na kamba.

"Na asiyejifunga?"

Yule mama akasema neno fupi, na wewe hukulitafsiri.

"Sema," nikakwambia.

"Kasema huyo hawampati."

Nikampenda hapohapo. Mtu wa kunidanganya angeniambia usijali, mama, ni salama. Nilikuwa nimeshakinai uongo, wa kwangu ulinitosha. Nikamwambia, mchukue, lakini kila siku umwulize kichwa kinamuuma au hakimuumi, na usimcheke. Ukaona ni ajabu kwamba hilo ndilo niliomba. Sasa unajua.

Basi nilipaswa kukuambia ukweli siku ile. Badala yake nikakuacha ukaninunulia mashine ya presha. Kila asubuhi unanifunga ule mkanda wake mkononi, unavimba, unaminya, unasoma namba unafurahi, "Mama, dawa za asili zimekusaidia kweli." Na juzi ukaniapia, mkono wangu mkononi mwako, kwamba ukisikia tu siko sawa utageuka, hata kama mmeshafika bandari ya mwisho, hata kama kamba zimeshafunguliwa. Uliapa mbele ya picha ya baba yako. Sikuweza kula.

Sasa la leo.

Saa nane nasikia hodi. Eliufoo, kavaa koti la kanisani siku ya kazi. Na mkononi ameshika jani la isale, bichi, amelipiga fundo. Kwetu Machame nilikozaliwa na huku kwenu Meru isale ni lilelile: mtu aliyekukosea akija nalo, hata kama alikuchomea nyumba, humkatalii. Humwachi amesimama nalo. Unalipokea, na ukilipokea yamekwisha, umefungwa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mjini."

"Nitamsubiri." Akavuta kigoda. "Nampelekea isale. Nitapiga magoti mbele yake kwa niaba ya ukoo, asiende huko. Nione kama atalikataa."

Nilijua usingelikataa. Wewe unavyowaogopa wakubwa, ungelipokea huku machozi yanakutoka, na kesho ndege ingeondoka bila wewe. Nikasimama mlangoni, nikaujaza mlango wote, na unajua naweza kuujaza.

"Shemeji, isale ni la aliyekosa. Wewe umemkosea nini Aikande?"

"Sijamkosea kitu."

"Basi umewachumia mbuzi majani. Banda liko kule."

"Usinifanyie mzaha, Mama Aikande! Kaka yangu kauawa na baridi, leo unampeleka mtoto wake kwenye kiwanda chenyewe cha baridi?"

Hapo, mwanangu, sijui nilipata wapi. Nikamwambia. "Kaka yako hakuuawa na baridi. Kaka yako aliona haya kuugua, na aliyemtia haya ni mimi, uani hapo ulipoweka kigoda chako. Umetaka mkosaji? Ndiye huyu. Kaitishe kikao cha ukoo, niiteni, nitakuja na kiti changu. Lakini mtoto huyu hatalipa kosa langu kwa kukaa."

Aliinamia lile jani mkononi. Ni mtu mzima, alimpenda kaka yake, na uso wake ulilegea nikamwonea huruma kweli. Nilitaka kumkaribisha chai. Halafu akainuka, akalitia lile jani mfukoni. Alipofika getini akageuka.

"Sawa. Aende. Tutamrudisha kabla hajaiona hiyo barafu." Akatikisa simu yake hewani. "Simu moja tu, Mama Aikande. Si wewe uliyetufundisha?"

Ndiyo maana naandika. Ni kweli niliwafundisha. Nilitengeneza ufunguo wa kukufungia nikawapa watu, na sasa hauko tena mikononi mwangu. Naweza kukataa leo, naweza kukataa kesho, lakini siku utakayokuwa kwenye hiyo bandari ya mwisho, nahodha anahesabu watu, simu itaita, na atakayesema ni mtu unayemheshimu, atalia kabisa, atasema mama kaanguka. Na wewe utageuka, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyo. Njia ya kuubomoa huo mlango ni kukuonyesha nani aliujenga.

Nimefikiria kukuombea msamaha inavyotakiwa. Isale linaota palepale mpakani mwa shamba, ni kufungua mlango na kulikata. Ningekunja jani moja dogo ndani ya karatasi hizi. Nimekataa. Ungelikuta humu ungelazimika kunisamehe, na mimi nimeshakulazimisha ya kutosha. Kwa hiyo bahasha haina kitu isipokuwa maneno. Ukitaka kunisamehe, nisamehe kwa wakati wako. Ukitaka kukasirika, kasirika sana, upige kelele huko kwenye maji, hakuna jirani wa kusikia. Siku tatu zile zilikuwa zako, ile bahari ya kaskazini ilikuwa yako, nilikuibia na siwezi kuirudisha.

Usidhani nimekuwa jasiri ghafla. Naogopa hata sasa. Hiyo bahari nimeiona na haijanipendeza, ile rangi yake ya kisu, ile milima ya barafu inayotembea bila miguu. Kila usiku nimeota boti imelala na haiinuki. Lakini hofu ni yangu mimi, nimeizaa mwenyewe, nitailea mwenyewe hapa nyumbani. Sikupakii kwenye begi. Atakayekuja kuniambia nimekuuza kwa Wazungu, au nimekosa akili kwa sababu sikusoma, namsubiri. Nimeweka ufagio nyuma ya mlango.

Jambo moja tu nakuomba, na si amri. Ukiumwa, sema. Ukiogopa, sema siku hiyohiyo, kwa nahodha, kwa mpishi, kwa yeyote, hata kama wenzako ni wagumu namna gani. Kama siku ya pili utaona huwezi, ukashuka bandarini ukarudi, ingia hapa kifua mbele, nami nitakupikia machalari ya ndizi na nyama kama mtu aliyezunguka dunia, na mwanamke atakayecheka uani kwangu atachambua kahawa yake barabarani. Kurudi si aibu. Aibu ni kurudishwa. Rudi kwa kichwa chako kuuma, rudi kwa moyo wako kukataa. Usirudi kwa ajili ya simu.

Na sasa lililo gumu, ambalo nimelizunguka tangu karatasi ya kwanza.

Siku moja simu itakuwa ya kweli. Sina presha, lakini sina mkataba na Mungu pia. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa ukiwa katikati ya hayo maji, watu wakaipata simu ya boti wakakuambia, na hutakuwa na namna ya kujua kama ni Eliufoo na ujanja wake au ni mimi kweli nimelala sebuleni nimefunikwa shuka. Usijitese kutafuta ipi ni ipi. Jibu ni moja kwa zote mbili. Usigeuke.

Sisemi hivyo kwa uchungu. Watu wa hapa wanajua kuzika, hawajawahi kushindwa. Watanipeleka kihambani upande wa kushoto wa baba yako, nilishaonyesha mahali. Watanung'unika kwamba mtoto wa pekee hakutupa udongo. Shangazi zako wataliimba hilo mwaka mzima. Waache waimbe. Wewe siku hiyo, kama unanilia, lia huku mkono umetulia, picha isitikisike.

Nimeshakwenda kwa mchungaji, wiki iliyopita, ulipodhani nimekwenda kwenye kwaya. Alinikatalia mara mbili. Akasema, "Mama, haya mambo hatuyapangi hivi, watu watasema." Nikamwambia watasema, mchungaji, kwani lini walinyamaza? Nikakaa pale ofisini kwake mpaka akachoka akatoa kalamu, akaandika kwenye kile kitabu chake kikubwa, nikamwambia anisomee kwa sauti nisikie. Akanisomea. Siku hiyo mtu akisimama kaburini akauliza binti wa marehemu yuko wapi, mchungaji asitafute udhuru, asiniombee radhi, asishushe sauti. Ajibu kwamba yuko kazini.

Aliyekuandikia ni mama yako, kwa mkono wake mwenyewe, akili zake zote zikiwa timamu.